Je, Wajua? Mawe Yenye Sura

Je, wajua kwamba vilima vya shaba vya Katanga vimebaki wima kwa sababu ya jiwe lenye matundu? Toka Lubumbashi, shika barabara ya Likasi, kilomita 120 hivi, kisha songa mbele hadi Fungurume. Njiani utaviona: vilima vyenye migongo iliyochongoka na mawe ya kijivu yaliyotokeza juu, huku ardhi ya pembeni ikiwa tambarare. Jiwe hilo wanajiolojia wa huku hulitaja kwa herufi tatu za Kifaransa, R.S.C., yaani mwamba wa silika wenye vishimo. Mwanzoni lilikuwa dolomiti, ndugu wa mawe ya chokaa, lililojengwa tabaka juu ya tabaka na vijidudu vya baharini zaidi ya miaka milioni 750 iliyopita. Ndiyo, Katanga ilikuwa chini ya bahari. Baadaye silika ikaingia, ikachukua nafasi ya sehemu kubwa ya dolomiti, na jiwe likawa gumu kuliko yote yaliyolizunguka.

Okota kipande ukitazame kwa karibu. Kinakwaruza kiganja. Ndani ya matundu yake fuwele ndogo za kwazi zinameta, na mara nyingi utakuta doa la kijani la malakiti limejibanza kwenye kona. Matundu hayo ni mahali ambapo dolomiti na madini mengine viliyeyushwa na maji ya mvua. Mvua ilikula ilichoweza, ikaacha kilichoishinda. Kanuni ni hiyohiyo kwa karibu mawe yote utakayoyasoma humu: hakuna aliyeyachonga, na sura unayoiona ni mabaki tu.

Je, wajua kwamba watafutaji wa shaba wa zamani walikuwa wanavitambua vilima hivyo kwa upara wake? Miti ya miombo haistahimili udongo uliojaa shaba, kwa hiyo kilima cha shaba hubaki na nyasi na maua mafupi katikati ya msitu. Mimea zaidi ya 30 ya vilima hivyo haioti popote pengine duniani. Mmoja wa mimea ya udongo wa shaba, wenye maua ya zambarau, wataalamu huuita Haumaniastrum katangense. Hata wanaakiolojia wameutumia kutafuta mahali wahunzi wa kale walikoyeyushia shaba: palipo na ua, chimba, huenda ukakuta tanuri. Mbelgiji Jules Cornet, aliyepita huku na msafara wa Bia na Francqui kati ya 1891 na 1893, ndiye anayetajwa kuwa aliiita Katanga kashfa ya kijiolojia, kwa jinsi madini yalivyorundikana mahali pamoja.

Na vichuguu je? Si mawe, najua, lakini mtu wa Lubumbashi hawezi kuzungumzia maumbo ya ardhini bila kuvitaja. Vichuguu vikubwa vya mchwa wa aina ya Macrotermes falciger hufika mita 8 kwenda juu, na ukiwa mbali jioni unaweza kuapa kwamba ni mtu aliyejifunika blanketi. Mchwa hupandisha udongo wa mfinyanzi kutoka chini. Mvua huuteremsha kidogo kidogo ubavuni. Umbo la pia tunalolijua ni matokeo ya mvutano huo wa miaka mingi. Miaka mingi kiasi gani? Watafiti waliopima kaboni katika vichuguu vya msitu wa miombo wa hapa Katanga waligundua kwamba kimojawapo, ambacho mchwa walikwisha kukihama, kilikuwa na zaidi ya miaka 2,000. Kisha anakuja mtu na koleo na kalibu, na katika kiangazi kimoja kichuguu kimekuwa matofali ya kuchoma. Nusu ya kuta za mitaa yetu zilianzia kwa mchwa. Namba hiyo ni kadirio langu, lakini tembea Katuba au Ruashi unibishie.

Je, wajua kwamba ubongo haudai zaidi ya madoa mawili na mstari ili uone uso? Tunazaliwa na tabia hiyo. Wala si yetu peke yetu: mwaka 2017 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba kima wa aina ya rhesus nao hukodolea macho picha za vitu vyenye sura ya uso kuliko picha za vitu vya kawaida. Tabia hii ndiyo iliyoitia dunia nzima wazimu baada ya tarehe 25 Julai 1976, pale chombo cha Viking 1 kilipoipiga picha sayari ya Mirihi. Katika eneo la Cydonia ulionekana uso wa mtu, macho, pua na mdomo, ukitazama juu. NASA wakasema ni mwanga na kivuli. Vitabu vikaandikwa, filamu zikatengenezwa. Chombo kingine, Mars Global Surveyor, kikapiga picha safi zaidi mwaka 1998 na 2001: kilima cha kawaida, kilicholiwa na mmomonyoko, hakina hata nyusi.

Kwa hiyo ukionyeshwa jiwe lenye sura, uliza kwanza: saa ngapi, na ukisimama wapi? Uso wa saa kumi jioni, jua likiwa ubavuni, mara nyingi saa sita mchana haupo.

Sasa twende Kenya. Kenya nchi, si komini yetu ya Kenya. Upande wa magharibi, kilomita 29 hivi kutoka Kisumu kwenye barabara ya Bondo, yamesimama mawe ya Kit Mikayi, mita 40 kwenda juu, jiwe juu ya jiwe. Kwa Kijaluo maana yake ni jiwe la mke wa kwanza. Wazee wa Seme husimulia habari za mzee Ngeso aliyeyapenda mawe hayo hadi akawa anashinda pangoni mwake kutwa nzima. Mkewe alimpelekea uji wa asubuhi na chakula cha mchana hukohuko. Watu wakimuuliza mama huyo mumewe yuko wapi, alijibu: amekwenda kwa mke wake wa kwanza. Wengine huyaona mawe yenyewe kuwa mama wa Kijaluo amejitwika mzigo wake. Waumini wa kanisa la Legio Maria huenda kusali na kufunga mapangoni, na kina mama hucheza na kuwaimbia wageni. Kati ya mawe yote ya safu hii, hili ndilo ningelipa nauli kuliona kwanza, maana lina mwenyewe, lina hadithi na bado lina kazi.

Yalipangwa na nani? Hakuna. Matale, yaani graniti, ya aina ile yalipoa kutoka uji wa moto kilomita kadhaa chini ya ardhi, zaidi ya miaka bilioni 2.5 iliyopita. Mzigo wa juu ulipoondoka, mwamba ukapanuka na kupasuka: nyufa za wima, nyufa za ulalo, zikaukata vipande vya pembe nne. Maji ya mvua yakaingia kwenye nyufa. Yakiwa huko, udongo ukiwa bado umefunika kila kitu, yaliyageuza madini ya feldspa kuwa udongo wa mfinyanzi, yakaanza na pembe kwa kuwa pembe hushambuliwa kutoka pande zote. Kipande cha pembe nne kikawa duara. Halafu mito na mvua zikaja kusomba ule udongo uliooza, na mawe mviringo yakabaki yamekaa yalipokuwa yamekaa siku zote, moja juu ya jingine. Kwa hiyo hakuna jiwe lililopandishwa. Ardhi ndiyo iliyoshuka.

Je, wajua kwamba liko jiwe linalolia? Liko Ilesi, kando ya barabara ya Kakamega kwenda Kisumu. Nalo lina mita 40 hivi: nguzo ya tale yenye jiwe la mviringo juu, kichwa kilichoinama juu ya mabega yaliyochoka, na mfereji wa maji ukiteremka kifuani. Machozi hayo ni maji ya mvua yanayofuata ufa, na kadiri yanavyopita ndivyo yanavyozidi kuuchimba mfereji wake. Kitui, nchi ya Wakamba, kuna jiwe la Nzambani: wanasema ukilizunguka mara saba, mwanamume hugeuka mwanamke na mwanamke hugeuka mwanamume. Anayetaka kujaribu ajaribu.

Mwanza ndiyo usiseme. Mji mzima umejengwa juu na katikati ya mawe, na Watanzania huuita Jiji la Miamba. Maarufu kuliko yote ni yale mawe yaliyosimama majini, ziwani Victoria, yanayobeba mpaka leo jina la Otto von Bismarck, kansela wa Ujerumani kuanzia 1871 hadi 1890. Bismarck mwenyewe hakuwahi kufika Mwanza. Mawe yalikuwepo kabla ya Ujerumani, kabla ya samaki wa ziwa lile na kabla ya ziwa lenyewe, na yamekwama na jina la mtu wa ofisini Berlin.

Je, wajua kuhusu bi harusi wa Naivasha, Kenya? Katika hifadhi ya Hell's Gate, iliyoanzishwa 1984, umesimama mnara wa mwamba wa mita 25 unaoitwa kwa jina la Gustav Fischer, Mjerumani aliyefika huko mwaka 1883. Wamaasai wana maelezo yao. Binti wa mzee mmoja aliagwa kwenda kuolewa, akaambiwa asigeuke nyuma. Akageuka ayatazame kwao mara ya mwisho. Akawa jiwe palepale. Msomaji wa Biblia amekwisha kumkumbuka mke wa Lutu katika kitabu cha Mwanzo, sura ya 19, na kweli kando ya Bahari ya Chumvi kuna nguzo ya chumvi ambayo watalii huonyeshwa kuwa ndiye yeye. Watu wawili wasiojuana, mawe mawili, kosa lilelile la kutazama nyuma, na katika hadithi zote mbili aliyeadhibiwa ni mwanamke. Hilo la mwisho nawaachia wasomaji wa kike waliseme wenyewe.

Wataalamu wanasema mnara wa Fischer ni koo la volkeno. Uji wa moto ulipanda ukakwama kwenye mrija na kugandia humo. Majivu laini yaliyouzunguka yakasombwa na maji, kiziba kikabaki. Maji hayo hayajastaafu. Septemba 2019 mafuriko ya ghafla yaliingia kwenye korongo la hifadhi hiyo yakaua watu 7. Ukiambiwa na kiongozi wa msafara kwamba mawingu yamefunga mlimani na leo hamshuki korongoni, usibishane naye.

Turudi Tanzania: Iringa, nchi ya chifu Mkwawa. Kilomita 20 hivi kutoka mjini, ukiifuata barabara ya Mbeya, kuna korongo la Isimila lenye nguzo za udongo na mchanga zilizosimama safu safu. Chagua umbo unalotaka: wazee kwenye baraza, majeshi, minara. Siri iko kichwani. Kila nguzo ilianza kwa kuwa na kofia, tabaka gumu au jiwe lililokinga kilicho chini yake. Mvua ikachimba pembeni, kofia ikalinda shingo. Kofia ikidondoka, nguzo haina muda mrefu. Mwaka 1951 zana za mawe ziliokotwa humo, na kati ya 1957 na 1958 Clark Howell wa Chuo Kikuu cha Chicago akafukua. Yalitoka mashoka ya mkono kwa wingi, mengine makubwa ajabu, ambayo kwa kipimo cha urani yanakadiriwa kuwa na miaka 260,000 hivi. Bila mmomonyoko kuipasua ardhi ile, zana zingelala chini mpaka leo. Nguvu hiyohiyo ndiyo inayotafuna mitaa ya Kinshasa na Kananga na kuangusha nyumba za watu usiku wa mvua. Desemba 2022 mafuriko na maporomoko ya udongo mjini Kinshasa yaliua zaidi ya watu 120. Huko hakuna mtalii anayelipia kiingilio.

Bado tuko kusini mwa Tanzania: karibu na Tukuyu, mto Kiwira umepita chini ya mwamba wa lava na kuacha daraja zima juu, linalopitika kwa miguu. Wanaliita Daraja la Mungu. Hakuna saruji, hakuna mkandarasi, na halijawahi kuombewa bajeti.

Marafa, bara ya Malindi nchini Kenya, hadithi ni ya maziwa. Wagiriama wanasimulia kwamba hapo palikuwa na familia tajiri ya ng'ombe kiasi cha kuoga maziwa wakati majirani wana njaa. Mungu akaikasirikia, ardhi ikafunguka, nyumba ikazama. Leo ni korongo la nguzo zilizochongoka, nyekundu na nyeupe. Nyekundu ni damu ya ng'ombe, nyeupe ni maziwa. Kwa mwanajiolojia, nyekundu ni kutu ya chuma kwenye mchanga. Uende jioni, jua likikaribia kuzama, rangi zinapokolea.

Je, wajua kwamba kule pwani bahari huchonga uyoga? Mawe ya matumbawe ya Zanzibar na pwani ya Kenya ni bahari ya kale iliyoachwa juu. Mengi yana umri wa miaka 125,000 hivi, enzi ambayo maji yalikuwa juu zaidi kuliko leo. Kila maji yanapojaa na kupwa, mawimbi huyapiga mahali palepale, chumvi huyapasua, na konokono wadogo wa miambani huyakwangua wakitafuta chakula. Kiuno kinaliwa, kichwa kinabaki. Pale Michamvi Pingwe, Unguja, kuna mkahawa uliojengwa juu ya jiwe mojawapo: maji yakitoka unaufikia kwa miguu, yakijaa unapelekwa kwa mashua. Chakula ni ghali. Jiwe ni bure.

Ndugu zetu Waswahili walioko Omani wana bustani yao ya mawe huko Duqm, mbali kusini mwa Maskati: uwanja mzima wa mawe ya mchanga na chokaa yaliyochukua maumbo ya wanyama na mimea. Saudia, AlUla, kuna Jabal al-Fil, tembo wa mwamba wa mita 52 na mkonga umefika mchangani. Jangwani, msimulizi wa kawaida hukwambia ni upepo peke yake. Si kweli kabisa. Upepo wenye mchanga hukwangua karibu na ardhi tu, kwa sababu chembe za mchanga ni nzito na haziruki juu; na hata pale chini, umande na chumvi hufanya sehemu kubwa ya kazi kabla upepo haujazoa vumbi.

Je, Sphinx ya Misri ilichongwa na watu? Ndiyo. Lakini Farouk El-Baz, mwanajiolojia Mmisri, alipendekeza zamani kwamba mafundi walianza na mwamba ambao upepo ulikwisha kuupa umbo la mnyama aliyelala. Mwaka 2023 Leif Ristroph na wenzake wa Chuo Kikuu cha New York walichukua donge la udongo lenye kipande kigumu ndani, wakalipitishia maji mahali pa upepo. Udongo laini ukaliwa, kipande kigumu kikatokeza kuwa kichwa, na chini yake ikajichonga shingo na miguu iliyonyooshwa mbele. Haithibitishi kwamba Sphinx ilianza hivyo. Inaonyesha kwamba ingewezekana.

Hii nayo wengi hawaijui: uzito hulinda jiwe. Mwaka 2014 Jiří Bruthans wa Prague na wenzake walichapisha majaribio yao juu ya mawe ya mchanga. Chembe zilizobebeshwa mzigo hushikana zaidi na maji hushindwa kuzitenganisha. Chembe zisizobeba kitu huchukuliwa. Mmomonyoko huondoa kila kisichobeba, hadi libaki tao au nguzo ambayo kila sehemu yake inafanya kazi. Hapo kasi hupungua. Huenda ndiyo sababu tao la Aloba huko Ennedi, Chad, lenye mita 120 hivi za kimo, halijaanguka.

Majirani zetu wa kusini wana yao. Angola, jimbo la Malanje, kuna miamba myeusi ya Pungo Andongo, na wenyeji huonyesha nyayo ambazo wanasema ni za Malkia Nzinga, aliyefariki 1663. Zimbabwe walifika mbali zaidi: mawe yaliyobebana ya Epworth, nje kidogo ya Harare, waliyaweka kwenye pesa. Hata noti ya dola trilioni 100, iliyotoka Januari 2009, ilikuwa na mawe hayo usoni. Noti ikafa mwaka huohuo. Mawe yako palepale.

Na Kongo? Kule Kongo Central, milima ya Lovo ni msitu wa minara ya chokaa iliyochongwa na maji ya mvua yenye tindikali kidogo, na ndani yake kuna michoro mingi ya kale ya Wakongo. Ituri kuna Mlima Hoyo na mapango yake. Katika pango la Matupi watu waliishi makumi ya maelfu ya miaka iliyopita. Goma wana kisa cha kinyume. Tarehe 10 Januari 1977 volkeno ya Nyiragongo ilipopasuka, lava nyepesi ajabu iliteremka kwa kasi ikalikuta kundi la tembo porini. Wanyama wakaungua, lava ikaganda kuwazunguka, na yakabaki matundu yenye umbo la tembo. Huko jiwe halikufanana na tembo kwa bahati. Lilimfinyanga.

Twende kwenye baridi. Mtu wa Lubumbashi akivaa koti mwezi wa Juni hufikiri ameona baridi. Katika miamba ya Katanga kuna tabaka liitwalo kwa Kifaransa Grand Conglomérat: mawe makubwa na madogo, ya kila aina, yamechanganyika ovyo ndani ya matope yaliyogeuka mwamba, mengine yakiwa na mikwaruzo. Ni kazi ya barafu. Zaidi ya miaka milioni 650 iliyopita, dunia ilipoingia katika enzi ambayo barafu ilifika hata nchi za joto, barafu ilikwangua mawe, ikayasukuma na kuyaangusha baharini. Juu yake yamelala mawe ya chokaa ya Kakontwe, yaleyale yanayochimbwa karibu na Likasi.

Hapahapa Katanga, maporomoko ya Lofoi, katika Hifadhi ya Kundelungu iliyoanzishwa 1970, huanguka mita 340 hivi kwa mruko mmoja. Mawe magumu ya ukingoni yanazuia, yale laini ya chini yanaliwa, ukingo unakatika, maporomoko yanarudi nyuma. Nenda mvua zinapokwisha. Mwisho wa kiangazi maji huwa yamebaki uzi tu.

Je, wajua kwamba mawe haya hufa? Uso maarufu kuliko yote Marekani ulikuwa wa mzee wa mlimani, New Hampshire: paji, pua na kidevu vya tale, mita 12 kwenda juu. Ulichorwa kwenye sarafu mwaka 2000. Watu walikuwa wameufunga kwa minyororo tangu miaka ya 1920, baadaye wakaongeza saruji na vyuma. Maji yaliingia kwenye ufa, yakaganda, yakapanuka, mwaka baada ya mwaka. Asubuhi ya tarehe 3 Mei 2003 watu walitazama juu wakakuta mzee hayupo.

Huku kwetu jiwe halisubiri barafu. Machimbo ya Étoile, yaliyofunguliwa na Wabelgiji 1911 mahali ambapo wenyeji walikuwa wakichimba shaba zamani, ni shimo. Mlima tunaouonyesha wageni kwa fahari pale mjini Lubumbashi, karibu na bomba kubwa la moshi, hata si mlima: ni mabaki ya tanuri, nao umekuwa ukichimbuliwa tena kwa ajili ya kobalti. Vilima vya R.S.C. vilivyoishinda mvua kwa mamilioni ya miaka vinalipuliwa kwa baruti kimoja kimoja, kwa sababu shaba imelala humohumo. Sisemi migodi ifungwe. Nusu ya wasomaji wa safu hii wanakula kwa migodi. Nasema kila kilima kipigwe picha kabla hakijaondoka.

Basi, msomaji wa Kasenga, Pweto, Mitwaba, Kambove au Sakania: kama kwenu kuna jiwe lenye sura ya mtu au mnyama, tuandikie. Tuambie liko wapi, wazee wanaliitaje, wanasimulia nini, na ni saa ngapi linaonekana vizuri. Picha ipigwe ukisimama mbali. Na tafadhali, usiandike jina la mchumba wako juu yake.